Zefania wa Simu, Aliyempa Kila Mtu wa Kiasi Chake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1995, Ndugu Zefania Mndeme wa chumba cha simu anakitua kisikilizio mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na miwili na miezi mitatu katika shamba letu la mkonge. Kamati imenipa mimi, Ernesta wa kantini, kazi ya kumwandika, maana wenye vyeti wengi walipunguzwa shamba lilipouzwa, na waliobaki wanamwogopa. Mimi darasani sijakaa, herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, na simwogopi mtu. Namwonea wivu tu. Nalisema mapema lisije likanitoka katikati ya sifa.

Alishuka kutoka Suji Machi 1973 na sanduku la bati na koti la marehemu baba yake. Alikata mkonge miezi minne, mikono ikavimba kwa miiba, hadi msimamizi alipogundua kwamba kijana huyu akisikia sauti ya mtu mara moja haisahau. Akapelekwa kwenye simu. Laini zilikuwa tano: ofisi, korona ya kusaga majani, ghala, Kambi ya Juu na Kambi ya Bondeni. Zote zilipita mkononi mwake, na hakuna siku aliyounganisha mtu asikotakiwa.

Ni Msabato wa kweli. Miaka yote hii nachemsha chai, na hajaionja hata tone. Anaomba maji ya moto na mchaichai, anashukuru, anaondoka. Mpishi mwingine angekwisha kumsamehe.

Sasa drafti, maana ndiyo iliyompa jina. Saa nane mchana korona ikizimwa ipoe, laini zilikuwa kimya. Zefania akachora mbao tano zinazofanana, vyumba vyeusi akavipa namba, moja hadi thelathini na mbili, kete zikawa vizibo vya soda. Basi mtu wa Kambi ya Juu akawa anacheza na mtu wa Bondeni asiyemjua hata sura. Unataja namba kwenye simu, mwenzako anasogeza kizibo chako huko kwake.

Miaka ile ya unga wa njano na sabuni ya kugawana, wakongwe waliona mwanya. Dau lilikuwa kipande cha sabuni. Kila lori lilipoleta watu wapya kutoka Kigoma na Songea, Melkizedeki wa korona alikuwa keshanoa meno. Mgeni alinyang'anywa sabuni kabla hajaonyeshwa choo. Wageni wakaacha drafti, na wengine wakaacha na shamba lenyewe.

Zefania akafungua daftari. Kila mgeni aliandikwa chini kabisa, akacheza na aliyeandikwa jirani yake. Ukishinda mara tatu unapanda, ukishindwa mara tatu unashuka. Wa jirani akikosekana, mkongwe anatoa kete mbili kabla ya kuanza. Melkizedeki alipiga kelele siku ya kwanza:

"Opereta, niunganishe na mgeni wa Bondeni!"

"Laini ya mgeni ina mtu, mzee. Zaituni wa mizani yuko wazi."

"Zaituni? Yule ananila kama karanga!"

"Ndiyo wa kiasi chako, mzee. Ongea."

Korona nzima ilicheka. Wageni wakarudi kwenye mbao.

Zaituni alipewa miamba. Mimi nilipewa wageni, mwaka hadi mwaka, mimi niliyemla Melkizedeki huku nakoroga uji! Nikilalamika, jibu lilikuwa moja: "Wageni bado wapo, dada." Na jambo nililolitaka kuliko yote, bao moja la drafti mimi na yeye, alilikataa kila nilipoomba. Eti anayepanga akicheza atajipangia.

Mwaka 1987 alikuja bwana mmoja Bondeni, akajiandikisha kwa jina la Kassimu, akaapa hajawahi kugusa kete. Nikapewa mimi, kwa simu ya ofisi kama kawaida yangu. Mgeni wa drafti huhesabu vyumba kwa kidole, na kwenye simu unaisikia pumzi yake ikihesabu naye. Huyu alinijibu kabla sijamaliza kutaja namba. Nikamwambia Zefania, huyu ni mgeni wa shamba tu, si wa drafti. Siku hiyohiyo alipandishwa kwa Melkizedeki, na ikajulikana alikuwa bingwa huko alikotoka. Kwenye mkutano Zefania akapigiwa makofi ya kilo kwa kumgundua. Mimi nilikuwa nagawa chai.

Jumatatu nilikwenda kumuuliza tarehe za kuandika hapa. Akanipa daftari. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja: "Aprili 1973. Ernesta 9, mimi 0."

Nikakaa. Kijana mwenye mikono iliyovimba, kwenye benchi langu la jikoni. Nilimla mara tisa mchana mmoja, nikaita watu waje kutazama, nikamwambia arudi Suji akacheze na mbuzi. Nilikuwa nimesahau. Nilichokumbuka ni kwamba baada ya hapo mwezi mzima nilikosa mtu wa kucheza naye, nikajifunza kuwa mpole kwa watu.

"Kwa hiyo miaka yote umekuwa ukinikomoa?" nikamuuliza.

"Ningetaka kukukomoa ningekupa Zaituni," akasema. "Wewe unamla mgeni mara mbili. Ya tatu unamwonyesha alipokosea, halafu unamwita aje anywe uji. Mimi ndiye opereta, dada. Nilikuwa nasikia."

Mwajiri mpya ameleta mtambo wa simu wa vibonyezo usiohitaji mtu. Haya, ubonyezeni. Daftari ameniachia mimi. Zaituni amenuna, nami nimefurahi sana.

Zefania, umetutunza wengi ambao hawakujua wanatunzwa, na kwa niaba ya kambi zote nasema asante. Nenda Suji ukalime maharage yako, usingizi wako usikatwe na kengele ya mtu. Wivu wangu sasa nauhamishia kwa majirani zako.

Lakini usifunge sanduku kwanza. Kwenye orodha ya leo, baada ya pilau, mchezo wa mwisho umeuandika kwa mkono wako: Zefania na Ernesta. Hujacheza tangu 1973, hivyo kwa kanuni yako wewe ni mgeni, na mimi natoa kete mbili. Nitakula mara mbili. Ya tatu nitakuonyesha ulipokosea. Uji uko tayari, na hauna chai ndani yake.