Mama Rudia Anaondoka Dirishani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mtoa dawa wetu mkongwe anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la dawa la hospitali yetu. Jina lake kamili liko ofisi ya utawala. Wagonjwa wanamfahamu kama Mama Rudia, na hata mganga mkuu alishazoea kumwita hivyo.

Jina hilo alilipata kazini. Alipofika hapa, msichana mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, aligundua kwamba wazee wengi hupokea dawa, huitazama karatasi, hutikisa kichwa na kuondoka bila kuelewa kitu. Baadhi yao waliwahi kusoma vizuri, lakini uzee ulishawanyang'anya. Mzee haoni haya kusema anaumwa. Huona haya kusema kusoma kumemshinda. Kwa hiyo yeye hakuwauliza. Aliwasomea maelekezo kwa sauti, kisha akasema: "Haya baba, rudia." Hakuna aliyeondoka bila kurudia, awe mkulima au hakimu mstaafu. Foleni ikinung'unika, aliiambia kwamba haraka haraka haina baraka, na mwenye haraka akanunue peremende.

Mapumziko ya chai nayo yalikuwa yake. Alitusomea gazeti kuanzia matangazo ya vifo hadi michezo, akigombana na kila mwandishi. Miaka ya karibuni akaanza kumkabidhi mwingine gazeti, akidai amechoka kujisikiliza. Tulicheka. Kumbe mwenzetu alikuwa akianza mstari, na akifika mwisho, mwanzo umeshamtoka. Daktari wa macho alimpima akamwambia macho ni mazima na miwani inamtosha. Kilichokuwa kinafifia ni kusoma kwenyewe. Nyumbani, mume wake ndiye aliyemsomea ujumbe wa simu na bili ya umeme. Kazini hakumwambia mtu, maana alijua akisema tu, dirisha halitakuwa lake tena.

Mwaka jana alikuja fundi saa mmoja, mzee mpole mwenye presha. Karatasi ilisema kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Mama Rudia akasoma: "Kidonge kimoja, mara tatu kwa siku." Kisha, kama kawaida yake, akamwambia arudie, na mzee akarudia hiyo "mara tatu kwa siku" bila kukosea hata neno. Utaratibu uliowalinda watu miaka yote ulifanya kazi yake barabara, ila safari hii ulilinda kosa.

Mtunza stoo, aliyewasikia wakisema "mara tatu", aliliona kosa alipokuwa akipanga nakala za karatasi za siku ile, akamwambia. Mama Rudia hakumtuma mtu. Alipanda gari la wagonjwa na dereva, akamkuta mzee kwenye kiti chake, amemeza kidonge kimoja tu. Mzee akaeleza kwamba karatasi aliisoma mwenyewe, akaona imeandikwa "mara moja kwa siku", akadhani ni macho yake yanamdanganya. "Wewe ndiye mwenye kujua, binti yangu. Ningekubishia vipi?" Dereva anasema njia nzima ya kurudi Mama Rudia alikuwa analia.

Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, alisimama mbele yetu sote. "Herufi naziona," alisema. "Maneno ndiyo yananikimbia. Niondoeni dirishani kabla sijamuua mtu." Wengi wetu tungetafuta wa kumtupia lawama. Yeye hakuulaumu hata mwandiko wa daktari, ambao, tuseme ukweli, unastahili.

Tangu siku hiyo, kila dawa hapa husomwa na watu wawili kabla haijapita dirishani. Wazo ni lake. Yeye mwenyewe alihamia benchi la wagonjwa, akawa anawasikiliza wazee wakieleza dawa zao, huku mwenzake ameshika karatasi. Tulimwonea huruma, na bado tunamwonea.

Sasa tuna ombi. Tunajua wengi mmenunua kadi za kumuaga. Kaeni nazo. Kadi zitamfikia kama karatasi tupu, na wasifu huu pia hatausoma. Ijumaa, kila mmoja amwendee alipoketi, amshike mkono, amwambie kwa mdomo alichotaka kuandika.

Sisi wa dirishani tutatangulia, na tutamwambia hivi: Asante, dada yetu. Ulikubali kuonekana umeshindwa ili mzee wa watu asidhurike. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, na mtu wa kukusomea karibu yako siku zote.