Sindano ya 404 Imelala

Dimanche, kisha misa, banc, ile kiti murefu ya kahawa ya Mama Brigitte pale Kamalondo, inajaa mbele kahawa haijachemka. Leo Liévin alisimamisha motokari 404 ya marehemu baba yake pembeni ya banc, capot ya mbele wazi, sababu sindano ya compteur, ile ya kupima mbio, imelala ku zéro hata akikimbia namna gani. Mu kiti ya nyuma Wivine, bibi yake wa ndoa, alikuwa ananyonyesha mutoto wao Graciella. Kesho asubuhi banapashwa kwenda Kasenga, mama ya Wivine aone mujukuu; magoti inamuuma ile mama, hawezi kuja. Lakini Wivine alishaapa: bila sindano, mutoto hapande.

— Câble, ile kamba ya chuma yenye kuzungusha sindano, iko na kiu, akasema Vieux Kilomètre, chauffeur wa taxi wa zamani. Umimine mafuta pa juu, nyuma ya tableau ya sindano.

— Nilishamimina. Inanitonea ku magoti.

— Basi ilishashiba! Prof Boulon, mwenye kuuzisha vis na boulons, vyuma vidogo vya kukaza, akacheka. Miye nakuambia, ile compteur ilizaliwa ku goudron, ku barabara ya lami, inahesabu goudron tu. Huku kwetu inaona mashimo, inasema: aba nao banaenda wapi?

— Weye Prof, ulikunywa kahawa ao kintu ingine? Vieux Kilomètre akamuuliza.

— Munasahau jambo moja, Mama Brigitte akaingilia, thermos mu mukono. Hii motokari, mbele ya baba ya Liévin, ilikuwa ya padri. Siku ya Mungu haitumike kazi! Mungoje kesho.

— Kesho tuko mu njia, mama! Liévin akasema.

— Basi, mu njia njo itatumika sasa!

Bote bakacheka. Wivine hakucheka. Akashuka na mutoto, akafika pa banc, na maneno ikamutoka yote pamoja:

— Bapapa, munisamehe, miye sijue mambo ya motokari, lakini safari ya mwisho Liévin aliniambia tunaenda polepole, anasikia tu ku moteur, na miti ilikuwa inaruka, na nilikuwa bado na mimba, nilifunga macho mpaka Luano, na kesho nabeba huyu, basi muniambie tu: ile câble, ncha yake ya chini, nani aliiangalia?

Vieux Kilomètre akaangalia chemise yake nyeupe ya misa. Prof akaangalia suruali yake ya pasi. Asubuhi yote balikuwa banainama ku tableau. Chini, mu vumbi, hakuna mwenye aliingia.

Wivine akafungua kikwembe yake ya juu, kitenge ya misa, akaitandika chini ya motokari. Liévin akavua chemise, akaingia.

— Iko inaninginia! akapiga kelele. Écrou yenye kuikaza ilifunguka ku boîte ya gia! Câble yenyewe iko nzima!

— Nilisema ni câble, akasema Vieux Kilomètre.

— Ulisema kiu, vieux! Prof akamujibu.

Prof akaleta écrou toka ligablo yake, kale kaduka ka boulons, Liévin akaikaza. Bakazunguka quartier na motokari, Liévin ku usukani, Wivine nyuma, anakamata mutoto na mikono mbili. Sindano ikatetema, ikarudi, ikapanda ku makumi mbili, ikasimama pale kama muntu anayejua kwake.

— Unaona, chérie? Liévin akasema, furaha inamuzidi. Kesho itakuonyesha hata mia!

— Simama.

Akasimama. Wivine akatoka, akafungua mulango ya mbele, akakaa pembeni yake.

— Makumi sita, akasema. Haipite. Na sindano, miye njo nitaisoma. Weye uangalie barabara.