Kiboko, Nungunungu na Randa ya Shemeji

Kosa lilikuwa la Kinyozi, naye alikwisha kulitubu mbele za Mungu, ingawa mbele za watu bado. Ili watoto watulie kitini, huwawekea filamu za katuni kibandani mwake. Siku moja, mashine mkononi na mdomo haukai kimya, akamwambia Seremala, "Tazama hizo, zimejaa mafunzo ya biashara." Yeye alitania, mwenzake akayashika kama dini. Tangu hapo Seremala anataka aitwe Mkurugenzi, na leo, kwenye benchi nje ya kibanda, kahawa ikimiminwa, alikuwa akieleza kwa nini shemeji yake, kaka wa mkewe na fundi pekee wa karakana yake, kafungasha nguo asubuhi na kuondoka.

— Sikumfukuza mimi! Nilimfichia randa tu.

— Randa? Kinyozi akashusha kikombe. Mbao azilainishe kwa kucha?

— Huelewi uongozi wewe. Kwenye filamu, bosi Kiboko anatupa mtoni nyundo ya Nungunungu. Kesho yake Nungunungu anajenga daraja kwa miiba yake mwenyewe. Ubunifu huo! Penye nia pana njia.

— Shemeji yako ana miiba?

Profesa, fundi redio ambaye redio zikiingia kwake hazitoki, akakohoa.

— Kosa lako Mkurugenzi, umeficha kidogo. Ungeficha na msumeno. Halafu Kiboko yule kutwa yuko majini, pua tu ndiyo iko nje. Aliye juu mngoje chini! Kiongozi bora haonekani kazini.

— Basi wewe Profesa ni kiongozi bora kuliko wote, Kinyozi akasema.

— Kesho nilitaka niondoe na mbao, Mkurugenzi akazidi kupanda. Fundi akikosa kila kitu, ndipo anageuka mjasiriamali.

— Akikosa kila kitu anageuka maskini, ndugu yangu!

— Mchelea mwana kulia...

— Shemeji si mwanao! Na yale madawati uliyoagizwa na shule je? Watoto wakae juu ya ubunifu?

Mkurugenzi akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Ndipo mkewe akatokea, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, kipande cha msasa mkononi.

— Baba watoto, kaka hapokei simu. Nasugua mbao kwa msasa tangu asubuhi, vidole ndivyo hivi, vitazame. Nataka kujua kitu kimoja tu. Hiyo filamu iliishaje? Nungunungu alibaki kwa Kiboko?

Mkurugenzi akamtazama Profesa. Profesa akatazama viatu vyake. Wote wawili waliiona filamu kipande tu, wakinyolewa, na Mkurugenzi nywele zenyewe za kuhesabika; huketi na kuinuka. Wakamgeukia Kinyozi.

— Mimi hutazama vichwa, akasema. Ndugu yangu, siku ile nilitania. Nisamehe.

Mkurugenzi akainuka taratibu, akafunua gunia alilolikalia. Randa ilikuwa chini yake, mpini uking'aa kwa jasho la kiganja kisicho chake.

— Kinyozi, akasema, na sauti ya ukurugenzi haikuwemo tena. Nisindikize kwa shemeji. Nikienda peke yangu, nitaanza kumhubiria.