Fundi Mnara na Salamu za Alfajiri

Marehemu baba yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Mnara, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, kitindamimba katika watoto sita wa seremala. Mtaa wao mzima ulikuwa na redio moja, ya mwenye duka. Akiwa na miaka tisa alishikwa akiifungua kwa kisu cha mezani, akimtafuta mtu aliyekuwa akiongea mle ndani. Alichapwa. Mtu hakumpata, ila kazi ya maisha aliipata.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1956, akasomea ufundi wa redio kuanzia 1960 hadi 1963. Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye mtambo wa kurushia matangazo ya masafa ya kati, kilimani, mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Watangazaji walikuwa mjini, wanapendwa. Yeye alikaa na mashine, jenereta na kitanda kimoja, akihakikisha sauti zao zinafika. Kwa miaka thelathini na tisa sauti yake mwenyewe haikusikika hewani hata mara moja. Ilikuwa kazi ya upweke, na sitaipamba.

Tarehe 20 Aprili 1968 alimwoa mama yangu, mshonaji. Wiki tatu alikuwa kilimani, moja nyumbani. Majirani walimtania Mama kwamba ameolewa mke wa pili, mkubwa ni mnara. Mama alisema mke mwenza wa namna hiyo ni heri, hana mdomo.

Walikuwa na siri yao. Kila alfajiri kabla ya matangazo kuanza, Baba aliwasha mtambo, na mvumo mtupu wa redio yetu, iliyofunguliwa kwenye masafa yake, ukatulia. Aliuzima, mvumo ukarudi, kisha akauwasha tena. Maana yake ilikuwa, “Mimi mzima, nyie je?” Wakubwa wake hawakujua. Mama aliitikia, “Wazima,” akaenda kubandika chai.

Mama alifariki ghafla Jumanne, tarehe 9 Juni 1981. Simu ya kilimani ilikuwa imekatika, na habari zilimfikia Baba Alhamisi mchana, kwa dereva aliyepeleka dizeli. Alfajiri mbili alikuwa amemsalimu mtu ambaye hayupo. Hakuoa tena, wala hakulizungumzia jambo hilo, lakini tangu hapo, kila alfajiri, aliwasha mtambo mara moja tu, bila kuuzima na kuuwasha tena.

FM ilipoenea kila mahali, mtambo wa kilimani ulifungwa, Desemba 2003, naye akastaafu. Alipenda kukaa na redio iliyowekwa kwenye masafa yale yale, ikivuma tu. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016. Mwezi uliopita, wodini, aliniuliza, “Zile asubuhi mbili, kulikuwa na mtu redioni?”

Nilimwambia nilikuwepo mimi, na miaka yangu kumi na miwili.

“Ukafanya nini?”

“Niliitikia, Baba. Nilisema tuko wazima, usije ukahangaika peke yako huko.”

“Kumbe kulikuwa na mtu,” alisema, akanishika mkono. Tulilia wote wawili, na sioni haya kuwaambia.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Agosti 2019, saa nane mchana. Ameacha dada mmoja, binti mmoja, mkwe na wajukuu wawili.

Baba, huku sisi wazima. Pumzika kwa amani.