Esnah Nyanchoka, Karani wa Majani Asiyekunywa Chai

Nina miaka themanini na moja. Nimeona mizani tano zikifa, mameneja saba wakihamishwa, na ule mkaratusi uliopandwa siku kituo kilipofunguliwa ukianguka juu ya choo. Mimi bado niko langoni. Kwa hivyo nikisema namjua Esnah Nyanchoka, wasomaji wa jarida hili la kiwanda watulie, wamepata mtu anayejua.

Esnah anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kupima majani katika kituo chetu hapa Kebirigo. Atatoka mapema, maana jua la Ijumaa halizami akiwa kazini. Yeye ni Msabato wa ule mtindo wa zamani, asiyegusa chai. Amepima majani ya vijiji vyote hivi na hajaonja hata kijiko. Wakulima wapya humwuliza anajuaje majani mazuri, naye huwajibu kwamba hata daktari wa ng'ombe hali nyasi.

Katika miaka hiyo yote hakuna gunia lililopotea kituoni. Hiyo ni kwa sababu mlinzi nilikuwa mimi. Yeye pia alisaidia.

Mwaka mmoja alikuja afisa kutoka Pwani, akatangaza kila baba apange mstari achukue mbolea. Wamama wote wakasimama, maana kwa Kikisii baba ni mama, na mbolea ni mbolea. Walimwelewa vizuri sana yule afisa, lakini wakasimama. Esnah ndiye alimweleza kwamba kwetu mzazi wa kiume ni tata, wakaanzisha mstari wa pili. Sisi wanaume tulipata magunia yaliyobaki.

Hayo ndiyo mambo yake, maneno na kule yalikotoka. Saa nne sisi tukinywa chai, yeye hushika kikombe chake cha uji na kuanza. Mimi nilisema sukari ni neno la Mzungu lililoharibiwa na Waswahili. Akasema hapana, tata, Mswahili alilipata kwa Mwarabu, Mzungu naye likamfikia kwa njia yake, na kabla ya hao wote lilitoka India. Hawa ni ndugu, hakuna aliyemzaa mwenzake. Nikasema basi gari ni la Mwingereza, hata sauti inafanana. Akasema hilo ni la Wahindi, kufanana si ukoo. Meza akawapa Wareno, akasema ilipofika kwetu ikavaa kofia ikaitwa emesa. Hizo nilimwachia. Mtu mzima hagombanii meza.

Lakini aliposema chai ni neno la China, nilisimama. Majani tunachuma sisi, mgongo unatuuma sisi, halafu jina litoke kwa watu wengine? Ng'ombe akizaliwa kwangu, ni jirani atampa jina? Nikaapa mbele ya wakulima waliokuwa kwenye foleni kwamba nikishindwa, siku ya kustaafu kwake nitaandika wasifu wake kwa mkono wangu, na niandike humo kwamba chai si neno letu. Esnah akasema, "Mimi Msabato siweki dau. Ni wewe umejifunga, tata."

Wakati huo Wachina walikuwa wanatengeneza barabara ya kwenda Keroka. Nikamwita mmoja mimi mwenyewe, nikampa kikombe, nikamwonyesha kwa kidole, kwenu hii ni nini? Akanywa kwanza. Akasema, "Cha." Nyabuto wa kupakia lori alicheka mpaka akaanguka kutoka juu ya magunia.

Mimi niliishia darasa la tatu, na kurasa hizi zimenila wiki mbili. Nilisema mkono unauma. Nilisema miwani imepotea. Kamati ikataka Job Anyona wa ofisini aandike, Esnah akakataa. Amesema zawadi yetu, blanketi na chupa ya chai ambayo ataitilia uji, hataigusa mpaka sentensi ile isomwe mbele ya watu.

Nitafika hapo. Kwanza niseme hili. Karani mpya anaitwa Linda, ni msichana mwenye heshima. Jana nilimwambia gari ni neno la Kikisii. Akasema, "Ndiyo, mzee." Nikamwambia hata meza. Akasema, "Ndiyo, mzee." Chai yangu ikapoa mkononi. Mtu ataishije hivyo?

Kwa hivyo naandika: chai si neno letu, lilitoka China. Esnah, chukua blanketi lako. Asante kwa kilo zote, ukae salama na shamba lako na wajukuu wako, na Mungu akupe miaka kama yangu. Lakini Jumatatu saa nne upite hapa langoni, maana hata juu ya neno mbolea nina maoni.

Niliyoandika ni kweli. Muulizeni Nyabuto, bado anachechemea. Yule Mchina alirudi kwao, na kikombe chetu alienda nacho.

Mzee Manasseh Obwocha, langoni.