Mama Dorkasi na Homa Iliyofichwa Jikoni

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Bibi Dorkasi Shemhilu anastaafu tarehe 31 Machi 1960, na Nyumba yetu ya Wasiojiweza hapa Lushoto itabaki bila yeye. Tunajikaza kufurahi. Ukweli ni kwamba tuna wasiwasi.

Alianza kama mfuaji nguo, akawa mhudumu, kisha msimamizi wa wahudumu wote. Ni mkali kwa uji uliopoa, na hajapata kumpita mtu bila kumaliza salamu zote, za watoto mpaka za mbuzi, hata kama daktari anamngoja. Ndiye aliyeanzisha desturi ya kila mhudumu kuwa na mtu wake, anayemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani. Desturi hiyo ilitupa jina zuri hadi Mlalo. Mwaka 1957 nusura ituangamize.

Mafua makali yalipopanda kutoka Mazinde, katika baridi ya Julai, wahudumu waliopata homa waliificha, kwa kuwa hawakutaka kuwaacha watu wao. Mhudumu mmoja, Tatu, alimhudumia Mzee Mbaraka, ambaye mikono na miguu yake imepooza. Alipoanza kuumwa, alijibanza karibu na moto wa jikoni ili kila amwonaye adhani uso unamwaka kwa sababu ya kuni. Wengine wakamwiga. Haikupita wiki, wahudumu waliolala walizidi waliosimama, na watu wasioweza hata kushika kijiko walikuwa wakingoja kulishwa.

Mama Dorkasi hakumgombeza mtu. Alianza kutupanga uani alfajiri, kabla hatujausogelea moto, akatugusa paji la uso mmoja mmoja. Mwenye homa alipelekwa kulala, akaletewa uji, na kazi yake haikupotea. Hilo la kazi alilipigania ofisini mpaka sauti ikamkauka. Wazima nao walipumzika kwa zamu, watake wasitake. Nathanaeli, fundi wetu wa magongo, alilala mchana kwa amri na mpaka leo anajisifia.

Kisha akaivunja desturi yake mwenyewe, kila asiyejiweza akahudumiwa na yeyote aliye mzima. Mzee Mbaraka alikataa kulishwa. "Mikono ya Tatu nimeizoea," alisema. "Hii yenu siijui." Mama Dorkasi akakaa naye, akawa anampa habari za Tatu kwa kila kijiko, mpaka bakuli likaisha. Tatu alipona. Wenzetu wawili tuliwazika, na bado tunawalilia.

Mafua yalipoanza kupungua, asubuhi moja Mama Dorkasi alianguka palepale uani, mkono ukiwa bado umenyooka kumpima mtu. Alikuwa akiwaka homa. Katika wiki zote zile hakuna aliyefikiria kumgusa yeye paji la uso, naye hakusema. Tulimbeba ndani, na Tatu akamlisha mpaka alipoweza kukaa mwenyewe.

Sasa anarudi kwao Mlalo, kwenye shamba lake la maharage, ambako hatutakuwapo kumwona akizidiwa. Mama Dorkasi, asante kwa kututunza sisi tuliokuwa tukitunza wengine. Tunakutakia maisha mema, afya, na majirani wenye macho makali. Na ukiumwa, mama, tafadhali sema.