Koti la Msoma Habari

Fundi cherehani alipanda basi akiwa hajiwezi kwa furaha. Hakungoja kuulizwa. Alimgeukia kinyozi aliyeketi kando yake, mtu asiyemjua kabisa, akasema, "Kaka, leo nanunua runinga bapa, ya kwanza nyumbani kwetu! Koti atakalovaa msoma habari jioni hii nimelishona mimi. Ile runinga yetu ya chogo hata uso hauonekani vizuri, sembuse vifungo!"

"Chukua ndogo, dada," kinyozi akamshauri. "Hizo kubwa zinaonyesha mpaka uzi. Kola ikipinda kidogo tu, umeumbuka."

"Kola yangu ipinde? Mimi huyu?"

Abiria wa nyuma wakacheka. Fundi naye akacheka, ila ile kola alikuwa ameifumua na kuishona upya, na bado hakuwa na hakika nayo.

"Wifi yangu huniita fundi viraka," akasema. "Nimemwalika aje kutazama."

"Masikini! Basi chukua ndogo, dada, jisitiri!"

Basi likasimama mbele ya duka. Fundi akateremka mbio, kisha akageukia dirishani. "Kubwa, kaka! Tena wifi nitamkalisha mbele kabisa!"